Kulungu wapunguzwe, lakini na watu wa bondeni: barua ya wazi kwa Serikali ya Uskoti

Kwa Waheshimiwa Mawaziri wa Serikali ya Uskoti, Edinburgh,
na kwa wakuu wa NatureScot, taasisi ya umma inayosimamia mazingira ya asili, Inverness.

YAH: KUPUNGUZA KULUNGU NYANDA ZA JUU, NA WATU WA KUIFANYA KAZI HIYO

Waheshimiwa, nawasalimu kwa heshima. Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mzaliwa wa Liwale, mkoa wa Lindi, kusini mwa Tanzania. Tangu 2012 ninaishi Sutherland, kaskazini kabisa mwa Uskoti, katika bonde nilikoolewa. Kazi yangu ni kuongoza farasi wanaoshusha kulungu kutoka mlimani, na jioni kuchuna na kuning'iniza nyama. Nakala ya Kiingereza nimeshaitia posta. Hii nimeiandika kwa Kiswahili kwa kuwa ndiyo lugha ninayowaza nayo nikiwa peke yangu na farasi, na kwa kuwa ndugu zangu wa nyumbani, wanaoniuliza kila nikipiga simu kama huku Ulaya nako watu wanawinda, wana haki ya kujua ninachowaambia ninyi.

Nianze na tunalokubaliana, msije mkadhani mmeandikiwa na mtu wa kupinga kila kitu. Kulungu wamezidi. Makadirio mnayoyatumia yanafika hata kulungu milioni 1 nchi nzima, wa aina zote, na kila mwaka wanapigwa zaidi ya 100,000 na bado vichipukizi vya misonobari vinatafunwa kabla havijafika magotini. Mbwa mwitu hawapo; inasimuliwa kwamba wa mwisho aliuawa 1680. Tangu hapo mwenye kazi ya kuwapunguza ni binadamu, na binadamu ameifanya kwa uvivu. Sisi wa mlimani tumo katika lawama hiyo. Kwa miaka mingi thamani ya shamba la uwindaji ilipimwa kwa idadi ya madume yanayopigwa kwa mwaka, kwa hiyo mwenye shamba alitaka madume mengi, na ili apate madume mengi akaacha majike yajae. Hesabu hiyo ilikuwa mbovu hata kwa mwenye kuyataka hayo madume. Katika kisiwa cha Rum, upande wa Kilmory, watafiti waliwaacha kulungu bila kuwapiga kuanzia 1972 wakawa wanamfuatilia kila mnyama mmoja mmoja. Majike yaliongezeka, malisho yakabana, na madume ndiyo yaliyopungua, kwa kufa wangali ndama na kwa kuhama.

Nimekwenda kwa miguu yangu Creag Meagaidh, eneo lililonunuliwa na serikali mwaka 1985. Kulungu walipunguzwa pale bila kujenga uzio, na miti ya mibetula imepanda mlima yenyewe, hakuna aliyeipanda. Nimekwenda Glenfeshie pia, ambako 2004 wapigaji waliletwa kwa helikopta na watu wa milimani wakaandamana kwa hasira. Leo misonobari michanga imejaa kando ya mto ule. Nilisimama katikati yake nikaishika, laini kama manyoya ya kifaranga, nikajua kwamba waliosema kulungu wapunguzwe walikuwa wamesema kweli. Kwa hiyo, Waheshimiwa, mimi siwaombei kulungu huruma ya kuwaacha waongezeke.

Ninachobishana nanyi ni namna ya kuwapunguza, na mikono ya nani.

Niruhusuni niwaonyeshe kazi ilivyo, maana katika nyaraka zenu nyingi nilizosomewa na mume wangu mezani, kazi hii hutajwa kwa neno moja tu la idadi.

Aliyenifundisha ni mwindaji bingwa wa bonde letu. Jina lake silitaji kwa sababu hapendi, ila mimi humwita Mzee, na sasa bonde zima linamwita hivyo. Kwetu mtu wa kazi kama yake angeitwa Bwana Nyama. Baba yangu alikuwa askari wa wanyamapori, na nilipomwona Mzee mara ya kwanza akiushika mlango wa gari kwa mikono miwili ili usilie wakati wa kuufunga, nilimkumbuka baba.

Mgeni akija kuwinda Septemba, hapelekwi mlimani moja kwa moja. Kwanza anapelekwa uwanjani penye bati lililokatwa umbo la kulungu, apige risasi tatu. Mzee hatazami tundu za risasi tu. Anatazama kama mtu huyu anatulia, kama anakubali kuambiwa. Kisha wanapanda, Mzee mbele na mgeni nyuma yake, mimi na farasi tukiwafuata kwa mbali mpaka pale tunapoambiwa tungoje. Farasi wenyewe ni wale wafupi wa huku, wanaitwa garron, miguu minene, wanajua kukanyaga tope jeusi lile ambalo watu hulikata na kulikausha kuwa kuni. Zamani mwenye farasi aliitwa kwa moshi. Siku hizi ni redio.

Msimu wangu wa tatu Mzee aliniambia nimwachie mwingine farasi nipande naye. Tulikuwa na mgeni kutoka Ujerumani, mtu mwema, aliyelipa fedha nyingi. Tulitambaa kwa tumbo ndani ya mkondo wa maji kwa karibu saa mbili kwa sababu upepo ulikuwa unageuka kwenye kona ya bonde, na Mzee kila baada ya hatua chache aling'oa unyoya wa nyasi, akauachia, akautazama unakokwenda. Tulipofika juu tuliona madume mawili. Moja lilikuwa na pembe zenye ncha 12, kifua kipana, linanguruma hadi mwamba unaitikia. Jingine lilisimama pembeni, mgongo umebonyea, pembe zimerudi nyuma kuwa fupi na nyembamba. Mgeni alinyoosha kidole kwa lile kubwa. Mzee akatikisa kichwa, akaielekeza bunduki kwa lile jingine.

Hakukuwa na ubishi. Huo ndio utaratibu wa kazi hii: mgeni analipa, na mnyama anachaguliwa na mwindaji bingwa. Baada ya risasi Mzee alilifungua lile dume mdomo, akanishika kidole akakipitisha juu ya magego. Yalikuwa yamelika mpaka karibu na ufizi. "Huyu asingeiona Aprili, binti," aliniambia. Kisha akanionyesha kulipasua na kutoa matumbo palepale, kutazama maini, mapafu na matezi kama kuna ugonjwa, maana nyama hiyo inakwenda kuliwa na watu na yeye ndiye daktari wake wa kwanza.

Hiyo ndiyo sehemu inayopigwa picha. Lakini kundi halipungui Septemba, Waheshimiwa. Linapungua kuanzia tarehe 21 Oktoba, msimu wa kupiga majike unapofunguliwa, mpaka tarehe 15 Februari. Wakati huo wageni wengi wameshaondoka. Huku kwetu Desemba jua linachomoza karibu saa tatu asubuhi, na saa tisa na nusu alasiri limeshazama. Theluji ya maji inapigwa na upepo usoni, vidole vinakufa ganzi hata kamba ya tandiko huwezi kuifunga. Siku njema watu wawili wanashusha majike matano au sita. Siku mbaya mnarudi mikono mitupu, mmelowa mpaka kwenye mifupa. Jike lililozaa lina ndama wa mwaka huo anayemfuata, na kwa Mzee hakuna mjadala: hampigi mama akamwacha mtoto afe kwa baridi. Wanashushwa wote wawili, mara nyingi ndama kwanza, kwa kuwa mama husita. Mara ya kwanza kuliona hilo nililia, na Mzee alisubiri nimalize, hakusema kitu. Sasa nalifanya mwenyewe, na sijalizoea, na naomba Mungu nisilizoee.

Nawaambia haya ili mwelewe kwa nini amri yenu ya 2023 ilituumiza. Sheria ya 1959 ndiyo iliyowapa kulungu wa Uskoti kipindi cha kupumzika kwa mara ya kwanza. Dume lilikuwa likiachwa kuanzia tarehe 21 Oktoba mpaka mwisho wa Juni. Mliondoa mapumziko hayo, na sasa dume linaweza kupigwa mwezi wowote, kwa ardhi yoyote. Mwaka huohuo mkaruhusu na bunduki zenye darubini za kuona gizani.

Dume likitoka kwenye msimu wa kupandana limepoteza karibu sehemu ya tano ya uzito wake. Kwa wiki kadhaa lilikuwa halili sawasawa, linapigana na kukimbiza. Novemba linateremka bondeni likiwa mbavu tupu, na kitu pekee linachohitaji ni kuachwa lile na lisikimbizwe. Ukilipiga wakati huo, nyama yake haina mafuta wala bei, na kundi halikupungua hata kidogo, kwa sababu dume moja hupanda majike kumi na zaidi. Ondoa madume tisa kati ya kumi, Juni ijayo ndama watazaliwa karibu walewale. Hili baba yangu, aliyesoma mpaka darasa la saba, alilijua kwa mbuzi wa nyumbani.

Najua jibu lenu. Mtasema dume la Januari huingia kwenye msitu mchanga likavunja miti ya miaka kumi kwa usiku mmoja. Ni kweli, nimeliona likifanya hivyo. Lakini hata kabla ya 2023 mwenye msitu alikuwa na njia ya kisheria ya kulizuia, na kibali kilitolewa palipo na haja. Naomba mrudi hapo: mlima ulio wazi upumzike, msitu ulindwe kwa kibali. Nguvu zote zinazobaki ziende kwa majike, ndani ya msimu wake.

Sasa niseme la mikono.

Februari moja baada ya amri hiyo, nilikuwa napitisha farasi mazoezi kwenye mpaka wa ardhi ya jirani. Kunguru walinionyesha. Madume matatu yalikuwa yamelala nyuma ya kilima, kilomita tatu kutoka njia ya gari, hayakupasuliwa, hayakushushwa. Moja lilikuwa limepigwa tumboni, na nyasi zilikuwa zimekwaruzwa mita nyingi kuonyesha lilivyojiburuta. Nilivunja mfupa wa mguu wa jingine nitazame uboho, kama Mzee alivyonifunza. Uboho wa mnyama mwenye afya ni mweupe, mzito kama samli. Huu ulikuwa mwekundu, unatetemeka kama uji uliopoa; mnyama huyo alikuwa tayari anakufa njaa alipopigwa. Waliofanya hivyo waliletwa kwa mkataba kutoka mbali, wakalipwa kwa idadi, wakaondoka alfajiri. Sitaji waliowaleta. Wakandarasi wengi ninaowafahamu ni mafundi kwelikweli, vijana wa mabonde haya haya, na wangeona aibu kama nilivyoiona mimi. Ila mfumo unaohesabu vichwa pekee, bila kuuliza kichwa kilishushwaje na nyama ilikwenda wapi, utazidi kuzaa asubuhi kama ile.

Wenyeji wa huku wana sababu ya kuumizwa na jambo hili kuliko mnavyofikiri. Si mbali nasi kuna bonde la Strathnaver. Mwaka 1814, na tena 1819, wakulima wake walitolewa kwa nguvu, mapaa yao yakachomwa moto, ili kondoo wapate nafasi. Baadaye kondoo walipokosa faida, ardhi nyingi ya namna hiyo ikafanywa ya kulungu na ya matajiri wa kuja kuwawinda. Kisiwani Lewis, Novemba 1887, watu wenye njaa waliingia eneo la Park wakapiga kulungu wakala, wakapelekwa mahakamani Edinburgh, na wakaachiwa. Historia hiyo sikuisoma kwanza vitabuni. Nilisimuliwa na mama mkwe wangu, jikoni, kama bibi yangu alivyonisimulia jinsi watu wa Liwale walivyohamishwa miaka ya 1940, sababu ikitajwa kuwa malale, na ardhi yao ikamezwa na pori la Selous. Wanawake wawili waliozaliwa mbali hivyo, na wote wawili waliishia kwenye sentensi moja: mnyama alipata nafasi, mtu akakosa.

Kwa hiyo mnapotangaza kwamba sasa kulungu wenyewe lazima waondoke kwa ajili ya miti, na mnatuma watu wa nje kuifanya kazi hiyo, mtu wa bondeni husikia kwamba amri nyingine imeshuka kutoka mbali na yeye hajaulizwa. Na hapa ndipo mnapoweza kufanya tofauti kwa gharama ndogo. Mlimani kazi ipo, na ni ya miaka mingi. Tume yenu ya kulungu, iliyotoa ripoti Januari 2020, ilipendekeza kulungu wekundu wasizidi 10 kwa kilomita moja ya mraba kwenye milima iliyo wazi. Sehemu kama yetu haifiki hapo kwa msimu mmoja, na ikifika, haibaki hapo bila kupigwa kila mwaka, kwa kuwa majike yaliyoshiba huzaa vizuri zaidi. Ni kazi ya kudumu, kama kupalilia.

Kijana wa bonde letu aliyemaliza shule mwaka jana alitaka kuifanya. Ana macho, ana miguu, anaujua upepo tangu utotoni. Alihitaji cheti cha uwindaji wa kulungu, bunduki, leseni, gari, na mahali pa kulala. Mahali pa kulala ndipo pagumu. Nyumba ya mwindaji huku huja na ajira. Ajira ikiisha, nyumba imekwisha. Nyumba nyingine ama zinapangishwa kwa watalii kwa wiki, ama hufungwa miezi kumi kwa mwaka. Yule kijana sasa yuko Aberdeen anaendesha lori la bidhaa. Mzee ana miaka 67. Nikiugua mimi, hakuna wa kushika farasi.

Knoydart, wakazi walipoinunua ardhi yao 1999, hawakuacha kuwinda. Taasisi yao wenyewe inapunguza kulungu, inachukua wageni, farasi bado wanashusha nyama, na nyama inauzwa. Msitu nao unaota. Huko Mar Lodge, tangu ardhi iliponunuliwa 1995 kwa niaba ya umma, sehemu imetengwa kwa misonobari ambako kulungu hawaruhusiwi kuzoea, na sehemu nyingine uwindaji wa kunyatia unaendelea. Haya yapo tayari ndani ya nchi yenu. Yanahitaji fedha zielekezwe huko badala ya kwenye mikataba ya wiki mbili.

Naomba kila bonde lenye mpango wa kupunguza kulungu lipewe angalau chumba kimoja cha baridi cha pamoja, chenye maji safi, mizani na reli ya kuning'inizia, ili hata mtu aliyepiga jike moja awe na pa kulipeleka likakaguliwa na kuuzwa. Naomba fedha mnazolipa kwa jike lililopigwa zilipwe nusu likipigwa na nusu likifika chumbani humo. Hapo hamtamwona tena kunguru akila kazi ya usiku ya mtu. Naomba pia watoto wa shule za hapa waipate nyama hiyo. Mwanangu hula shuleni soseji iliyosafiri kuliko mimi, na dirishani anawaona kulungu. Kwa sheria yenu kulungu aliye hai si mali ya mtu yeyote. Haki ya kumpiga ndiyo inayofuata ardhi. Basi akishapigwa kwa fedha ya umma, mtoto wa umma apate kipande.

Na muswada wa mazingira mliouwasilisha Bungeni Februari 2025, uliokusudia kuwapa NatureScot nguvu zaidi ya kuingilia ardhi ya mtu kwa ajili ya kurejesha uoto, sikuupinga. Wapo wenye mashamba wasiosikia mpaka walazimishwe. Ila mtu wenu mtakayemtuma kutoa amri hiyo awe amewahi kushusha jike mlimani Desemba. Awe ameshika kamba ya tandiko kwa vidole vilivyokufa ganzi. Akija bondeni kwetu tutamjua kwa viatu vyake, na tutamsikiliza.

Waheshimiwa, majike yatafunguliwa tarehe 21 Oktoba. Tunaanza kutandika farasi saa kumi na mbili asubuhi, taa ikiwa inawaka bado zizini. Nawaalika. Mmoja wenu akija, nitampa yule farasi wa kijivu, ndiye mpole, na Mzee atatembea naye mbele. Chai ya tangawizi itakuwepo kwenye chupa. Hiyo nimeileta kutoka kwetu, na hata Mzee sasa haanzi siku bila hiyo. Njooni na soksi za pili.

Wenu katika kazi,

Mwongoza farasi, Sutherland